Kelele Ndani ya Gari: Nini Kinafaa kwa Njia ya Bunia na Boga

Ukishatoka mjini Bunia, mkoani Ituri mashariki mwa Kongo, kuelekea Boga, lami huioni tena. Ni udongo mwekundu, changarawe, mashimo, na vile vituta vidogo vinavyofuatana ambavyo huchongwa na magurudumu yenyewe, mpaka uingie katika uchifu wa Boga, kusini mwa eneo la Irumu, karibu na bonde la mto Semliki na mpaka wa Uganda. Kiangazi ni vumbi, masika ni tope. Kelele haina msimu. Ndani ya Land Cruiser ya dizeli, aliyekaa nyuma hupaza sauti ndipo dereva amsikie, na watu wakishuka masikio bado yanavuma.

Wengi wamelizoea jambo hili na kuliona ni sehemu ya safari. Mimi naliona ni suala la afya na la usalama, tena linaloweza kupunguzwa bila fedha nyingi. Ulaya na Marekani kuna biashara kubwa ya vifaa vya kuzuia kelele ndani ya gari, na majina kama Dynamat yanajulikana na kila fundi wa redio za magari. Huku kwetu kifaa kama hicho hufika kwa kuagizwa Kampala au Nairobi, kikapita Kasindi, Mahagi au Ziwa Albert, na kila kituo kinaongeza bei. Ndiyo maana mwenye gari Bunia au Boga huishia kwenye mambo mawili: ama anakata tamaa, ama anabandika chochote kilicho laini. Njia zote mbili zina hasara. Kinachoamua matokeo ni utaratibu wa kazi: nini kinatangulia, nini kinafuata, na nini hakifai kuingia ndani ya gari hata kikitolewa bure.

Tuanze na masikio. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba sauti ya desibeli 80 isikilizwe kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo unakatwa nusu. Kwa hiyo desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10, desibeli 89 ni saa 5 tu kwa wiki nzima. Dereva anayefanya kazi hii kila siku huzimaliza saa hizo kabla wiki haijafika katikati. Kipimo cha kujua hali ilivyo hakihitaji mashine. Ikiwa ni lazima upaze sauti ili akusikie mtu aliye umbali wa mita moja tu, basi kelele imefika desibeli 85 au imezidi. Uziwi wa namna hii hauna dawa, maana vinyweleo vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena, na huja polepole bila maumivu hata mwenyewe asijue alianza lini.

Halafu kuna mgonjwa. Hospitali ya Boga, iliyokua chini ya Kanisa Anglikana lililopandwa pale na Apolo Kivebulaya tangu mwaka 1896, huhudumia watu wa vijiji vilivyotawanyika, na kesi ngumu hulazimika kusafirishwa. Muuguzi aliye nyuma ya gari la wagonjwa anatakiwa asikie pumzi za mtoto, asikie mapigo ya moyo kwa kifaa chake cha masikioni, amsikie mama anayesema maumivu yamebadilika. Katika bodi la bati tupu hasikii. Analazimika kumwambia dereva asimame, na kila kusimama ni dakika zinazopotea. Nikiambiwa kwamba utulivu ndani ya gari ni anasa ya matajiri, gari hilo ndilo jibu langu.

Kelele huingia ndani ya gari kwa milango miwili. Wa kwanza ni hewa: penye tundu au ufa, sauti hupita ilivyo. Wa pili ni chuma chenyewe. Bati la bodi la gari nyingi lina unene unaokaribia milimita 0.8, na mahali lilipo tambarare, kama sakafuni, kwenye paa na kwenye milango, hutetemeka na kulia kama ngoma kila injini, tairi au jiwe linapolitikisa. Tatizo hili lina umri wa gari lenyewe. Katika miaka ya 1920 Charles Weymann, aliyekuwa akifanya kazi Paris, alipata umaarufu kwa bodi zake za fremu ya mbao zilizovikwa kitambaa, kwa sababu hazikulia wala kugongana kama zile za bati. Baadaye bodi la chuma kitupu likashinda sokoni kwa wepesi wa kulitengeneza kiwandani, na tangu hapo viwanda vimekuwa vikibandika lami, manyoya ya matambara na mpira ndani yake ili kuipunguza sauti ambayo chuma kimeileta.

Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizotoka mwaka 1984 na ambazo mashirika mengi yanazipenda kwa sababu hazivunjiki ovyo, zimetengenezwa kwa kazi, si kwa starehe. Zile zenye milango ya nyuma na viti vya kukabiliana, zinazobeba injini ya dizeli ya lita 4.2 yenye silinda 6, zina eneo kubwa la bati tupu nyuma kuliko gari lolote dogo. Probox, Noah au RAV4 iliyotumika Japani nayo ina lake: ilitoka kiwandani ikiwa kimya, lakini baada ya miaka 15 au 20 raba zimekauka, plastiki za chini zimeng'oka, na mafundi kadhaa wamefungua na kufunga bila kurudisha kila kitu mahali pake. Magari haya mawili hayatibiwi kwa namna moja. La kwanza linahitaji kuongezewa. La pili linahitaji kurudishiwa kilichopotea, na hiyo ni kazi rahisi zaidi.

Ndiyo maana hatua ya kwanza haihusu kununua kifaa chochote cha kuzuia sauti. Ni kulitengeneza gari. Eksozi iliyotoboka, maunti za injini zilizokatika, bushi zilizokwisha, beringi ya gurudumu inayolia: kila kimoja kati ya hivi kinaweza kutoa kelele ambayo hakuna kapeti itakayoizima. Tairi zenye meno makubwa ya kupita kwenye tope hunguruma kwenye njia kavu, na zikiisha upande mmoja hunguruma zaidi. Plastiki zilizo ndani ya madigadi, zile ambazo mara nyingi hutupwa zikivunjika, ndizo zinazopokea changarawe kabla hazijafika kwenye bati. Kuzirudisha, hata zilizochakaa za kununua kwa wauza vipuri wa soko la Kisekka mjini Kampala, hupunguza mlio wa mawe kuliko shuka la gharama kubwa lililobandikwa ndani.

Eksozi naitaja kwa mkazo. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, inayoua. Mtu akiziba kelele ndani ya gari huku bomba linavuja chini ya sakafu, amejinyima dalili ambayo ingemwonya. Eksozi itengenezwe kwanza, ndipo mengine yafuate. Hapa hakuna mjadala.

Baada ya matengenezo huja matundu, na hapa ndipo fedha kidogo hufanya kazi kubwa. Hesabu ya fizikia iko wazi: ukuta wowote ukiwa na uwazi wa sehemu moja kwa mia ya eneo lake, hauwezi kupunguza sauti zaidi ya desibeli 20, hata ungejengwa kwa zege. Kwa hiyo mtu aliyebandika mlango mzima vifaa ghali na kuacha raba ya mlango imepasuka amepoteza fedha zake. Na huku Ituri tuna msaidizi ambaye fundi wa Ulaya hana, nalo ni vumbi. Linapopita vumbi, sauti hupita. Safiri kiangazi, kisha ufungue milango na kuangalia kwa makini: mistari myekundu iliyojichora ndani ya fremu, kwenye kona ya chini ya mlango wa nyuma, chini ya zulia karibu na pedali, itakuonyesha kila ufa bila kuuliza.

Jaribio la pili ni la karatasi. Weka kipande cha karatasi kati ya mlango na fremu, ufunge, kisha ukivute taratibu. Karatasi ikikaza, raba inabana. Ikitoka bila kupinga, pale pana njia. Zungusha hivyo mlango mzima, utajua kama raba yote imekwisha au ni sehemu tu, na kama tatizo ni raba au ni bawaba zilizolegea zikauinamisha mlango. Raba mpya za milango ndicho kitu cha kwanza ningekinunua kwa gari lolote la njia ya Boga. Kama za gari lako hazipatikani, zipo raba za mita zenye umbo la herufi D zinazobandikwa kwa gundi yake. Chagua iliyo laini na yenye uwazi katikati, kwa sababu ngumu huzuia mlango kufunga, na mlango unaofungwa kwa kupigwa huvunja kitasa.

Yaangaliwe pia matundu ya ukuta unaotenganisha injini na abiria, panapopita nyaya, mabomba ya hita na fimbo ya usukani. Kila tundu lilikuwa na kizibo cha mpira, na vingi vimepotea. Magari yaliyoletwa yakiwa na usukani wa kulia kisha yakageuzwa kushoto ni ya kuchunguzwa zaidi, maana ugeuzaji wa haraka huacha tundu la zamani wazi nyuma ya dashibodi. Kipande cha bati, mpira na silikoni ya kuvumilia joto vinatosha kulifunga. Lakini matundu ya chini ya milango yasizibwe kabisa. Yale yamewekwa makusudi ili maji ya mvua yanayopita kwenye kioo yatoke. Ukiyaziba, mlango utaoza kuanzia ndani kabla ya masika mawili kupita.

Vitu vinavyogongana sitavichambua kwa urefu, ingawa kwenye njia ya vituta ndivyo vinavyochosha kichwa kuliko vyote. Jeki, spana, kidumu cha mafuta, tairi la akiba, viti vya kukunja, kitanda cha mgonjwa: kila kimoja kifungwe kwa mkanda na kuwekewa kitambaa kizito chini yake. Kazi hii ni ya nusu siku na haigharimu chochote cha kutaja.

Sasa tufike kwenye vifaa vyenyewe. Kuna aina tatu zinazofanya kazi tatu tofauti, na mkanganyiko wote wa sokoni unatokana na kuzichanganya. Aina ya kwanza huzuia bati lisitetemeke. Ya pili ni uzito unaoizuia sauti isipite. Ya tatu ni manyoya au sponji linalomeza sauti iliyokwisha kuingia. Kazi ya mojawapo haifanywi na nyingine.

Shuka linalozuia mtetemo, lile la aina ya Dynamat, ni mpira wa butili usiopikwa, wenye kunata, uliofunikwa kwa karatasi ya alumini. Bati likitetemeka, butili huvutwa huku na huku kati ya bati na alumini, na nguvu ya mtetemo inageuka kuwa joto dogo. Ni alumini inayokamilisha kazi, kwa hiyo iwe nene. Katika mashuka mazuri hufika kama milimita 0.1, na katika ya bei rahisi huwa nyembamba kiasi kwamba ukucha unaipasua. Habari njema kwa mwenye fedha kidogo ni kwamba bati halihitaji kufunikwa lote. Kufunika robo ya eneo, katikati ya kila sehemu tambarare, huleta sehemu kubwa ya faida. Wauzaji hawapendi kulisema hili. Gonga bati kwa kidole: likilia kwa sauti ndefu linahitaji kipande, likijibu kwa sauti fupi na nzito liache. Kwa njia hii boksi moja la mashuka linaweza kutosha sakafu na milango ya gari zima, kama uso wa bati umesafishwa kwa spiriti hadi mafuta na vumbi vikaisha, na shuka likakandamizwa kwa rola hadi hewa yote ikatoka.

Mbadala unaopatikana zaidi katika maduka ya vifaa vya ujenzi ni utepe wa kuzibia paa, wenye alumini juu na kinato cheusi chini. Unafanana na shuka la butili na bei yake iko chini sana. Shida ni kwamba mwingi wake kinato chake ni lami, na lami hulainika kwa joto. Bodi la gari lililoegeshwa juani hapa kwetu karibu na ikweta huwa la moto kiasi cha kuchoma mkono, na lami iliyobandikwa chini ya paa au ndani ya mlango itachuruzika, itanuka, na itashika nyaya na mota za vioo. Kabla ya kununua, kata kipande, kibandike kwenye bati lililosimama wima juani kutwa nzima, kisha ukinuse. Kikiteleza au kikitoa harufu ya barabara mpya, kisiingie juu ya usawa wa viti. Kwenye sakafu, mahali ambapo hakina pa kuchuruzikia, lami inaweza kuvumilika. Hata viwanda vimeitumia pale miaka mingi.

Kuna kifaa kingine kilichotapakaa Bunia nzima ambacho naona hakijapewa haki yake: tyubu za malori. Fuso zinazopita kati ya Bunia, Komanda na Beni hutoboka tyubu hadi hazizibiki tena, na watu huzikata kuwa kamba za kufungia mizigo kwenye pikipiki. Tyubu za kawaida hutengenezwa kwa butili ileile, kwa sababu butili huzuia hewa kuliko mpira wa asili. Tofauti iko kwenye upishi: mpira wa tyubu umepikwa, haunati, na hauna alumini juu. Ukiubandika peke yake kwenye bati, unainama pamoja na bati na kusaidia kidogo sana. Wanaosema tyubu haifai huwa wameishia hapo. Ukibandika juu yake kipande cha bati jembamba la alumini, hata la kopo kubwa lililonyooshwa na kingo zikakunjwa zisikate, umejenga muundo uleule wa tabaka tatu ambao watu wanaununua kwa dola. Nguvu yake haifiki ile ya shuka halisi, lakini bati tambarare la sakafu ya nyuma hubadilika sauti mara moja ukiligonga.

Ufundi wa kuibandika uko tayari mikononi mwa mafundi wa pancha. Tyubu huoshwa ili ile poda ya ndani itoke, hukwaruzwa kwa msasa, hupakwa solusheni pande zote mbili, kisha husubiriwa hadi gundi isishike kidole tena, ndipo hukandamizwa kwa nguvu. Anayeharakisha hatua ya kusubiri atakuta kipande kimebanduka baada ya safari chache. Milango na madirisha yawe wazi wakati wa kazi hii, kwa sababu mvuke wa gundi hizo ni sumu na unashika moto.

Tyubu ina kazi ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo bora zaidi: kuwa uzito. Sauti inayopita hewani huzuiwa na uzito uliolegea, usio mgumu. Kanuni inayojulikana ni kwamba ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili, kwa kila mita ya mraba, unapunguza sauti kwa takriban desibeli 6. Bati la milimita 0.8 lina uzito wa zaidi ya kilo 6 kwa mita ya mraba. Shuka la vinili nzito linalouzwa nje kwa kazi hii lina kama kilo 5. Tyubu ya milimita 3 ina zaidi ya kilo 3, na ikitandazwa juu ya tabaka laini badala ya kubandikwa kwenye bati, hufanya kazi vizuri kuliko uzito wake unavyoonyesha, kwa sababu lile tabaka laini huitenga na mtetemo wa sakafu. Balatumu nzito ya sakafu ya nyumba inaweza kufanya hivyo pia, ilimradi si ile nyembamba ya bei ya chini kabisa. Tabaka mbili zenye viungo visivyokutana mahali pamoja ni bora kuliko moja.

Hilo tabaka laini liwe nini? Viwanda vya magari hutumia manyoya ya nguo kuukuu zilizosagwa, na vya Ulaya vimetumia pia nyuzi za kitani, juti na katani katika mapambo ya milango. Kwetu yapo magunia ya kahawa na kakao, yapo mablanketi ya mitumba. Vyote vinameza sauti za juu kwa kiasi cha kuridhisha vikiwa na unene wa sentimita mbili au tatu. Ila vyote vinakunywa maji. Sakafu ya gari la Boga wakati wa masika hupokea tope la viatu vya watu wengi, na gunia bichi lililofungiwa chini ya mpira litaozesha bati na kuleta kuvu ndani ya gari linalobeba wagonjwa. Kwa hiyo sakafuni ningetumia sponji lenye vijitundu vilivyofungwa, lile gumu kidogo la mikeka ya mazoezi, ambalo ukilitia majini halinyonyi. Magunia na mablanketi yabaki sehemu kavu: nyuma ya mapambo ya pembeni na juu ya matao ya magurudumu ya nyuma, mahali yanapoweza kutolewa na kuanikwa.

Sponji la godoro silipendekezi popote. Kwanza halizuii sauti inayopita. Linameza kidogo tu zile za juu. Mngurumo wa injini na tairi uko chini, na wimbi la sauti ya hezi 100 lina urefu wa zaidi ya mita 3, hivyo sponji la sentimita mbili halilishiki. Pili linanyonya maji. Tatu, na hili ndilo la kuogopwa, likishika moto huwaka haraka na moshi wake una kaboni monoksidi na sianidi. Ndani ya gari lenye watu kumi na mlango mmoja wa nyuma, hilo halikubaliki. Trei za mayai, ambazo bado kuna wanaozibandika, ni karatasi. Hazina uzito wala unene, na hazifanyi lolote.

Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu vifaa hivi unatoka kwa watu wa muziki. Nairobi, ambako matatu hushindana kwa spika na michoro, fundi hubandika shuka la butili mlangoni ili besi isitikise bati na muziki utoke safi. Lengo lake ni halali kwa kazi yake, ingawa kuhusu kelele inayotoka nje Kenya iliweka kanuni za kuidhibiti mwaka 2009. Lakini anayetaka muziki unaovuma hana shida moja na anayetaka kumsikia mgonjwa. Wa kwanza atamaliza fedha zote kwenye milango karibu na spika. Wa pili anatakiwa kuanza na sakafu, ukuta wa injini na matao ya magurudumu, ambako kelele nyingi ya njia huingilia. Anayefuata ushauri wa fundi wa muziki bila kulitambua hilo atalipa sana na kupata kidogo.

Kuna pia suala la kiasi. Rolls-Royce walipotoa Ghost mpya mwaka 2020 walisema wameipakia zaidi ya kilo 100 za vifaa vya kuzuia sauti, kisha wakaona ukimya uliozidi unamvuruga mtu, wakalazimika kuurekebisha ili ibaki sauti ndogo. Gari la Ituri halina nafasi ya kubeba kilo 100 zisizo mzigo wala mtu, na lina sababu nzito zaidi ya kutokuwa kiziwi. Mkoa umekuwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu Mei 2021, na Boga yenyewe ilishambuliwa na watu wakauawa mwishoni mwa mwezi huohuo. Dereva lazima asikie amri ya askari kwenye barieri, asikie honi ya lori linalotokea kwenye kona, pikipiki iliyo ubavuni, na milio ya mbali inayomwambia ageuze gari mapema. Vioo na paa, kwa maoni yangu, viachwe karibu na vilivyo. Vipande vichache vya butili kwenye paa vinatosha kuifanya mvua isizibe mazungumzo. Kazi kubwa ifanyike chini na mbele. Hapo utapunguza mngurumo na milio ya mawe, vitu visivyombebea dereva habari yoyote ya maana, na sauti za binadamu na honi zitaendelea kumfikia.

Mtu asitarajie miujiza. Kupunguza desibeli 3 sikio halitambui kwa urahisi, ingawa kama tulivyoona muda salama wa kusikiliza unakuwa mara mbili. Kupunguza desibeli 10 ndiko watu husema kelele imebaki nusu, na kwa gari kuukuu hufikiwa tu hatua zote zikifuatwa kwa mpangilio. Eksozi ikiwa haivuji, mwenye fedha za kitu kimoja pekee anunue raba za milango. Mwenye za vitu viwili aongeze plastiki za madigadi. Akibakiwa na nyingine, ndipo aende kwa fundi wa pancha akachukue tyubu, na butili halisi ya kiasi kidogo kwa ajili ya ukuta wa injini, mahali ambapo joto na mafuta haviruhusu kitu cha kubahatisha.

Ombi langu ni kwa wanaonunua au kutoa magari kwa ajili ya zahanati na hospitali za kusini mwa Irumu, wawe kanisa, serikali au mfadhili. Gari la wagonjwa likifika Bunia, msilikabidhi siku hiyohiyo. Liachieni garaji siku mbili, na katika bajeti yake wekeni mstari mmoja wa raba, butili na mpira wa sakafu. Ni kiasi kidogo mno mbele ya bei ya gari lenyewe, na muuguzi atakayekaa nyuma yake ndiye aulizwe, baada ya safari ya kwanza ya Boga, kama kazi imefanyika ipasavyo.